Tela Dogo na Bajaji: Hesabu ya Uzito Kabla ya Kuchomelea Chuma

Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki, pikipiki ya magurudumu matatu imekuwa chombo cha kutegemewa na maelfu ya watu. Nchini Tanzania huitwa bajaji, kwa jina la kampuni ya India iliyoieneza. Huko Kenya hujulikana zaidi kwa jina la tuktuk. Asili yake ni Italia baada ya Vita Kuu ya Pili. Kampuni ya Piaggio, ambayo mwaka 1946 ilikuwa imetoa skuta iliyoitwa Vespa, yaani nyigu, ilitoa mwaka 1948 chombo cha magurudumu matatu kilichoitwa Ape, yaani nyuki. Kama nyuki, chombo hicho kilikusudiwa kufanya kazi kutwa kucha na kubeba mizigo midogo mahali ambapo lori halifai.

Lakini hata nyuki huchoka. Injini ya bajaji ikigoma mbali na mjini, au mmiliki akitaka kuihamisha kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, ni lazima ibebwe. Kuivuta kwa kamba kwa safari ndefu ni hatari, na kukodi lori kwa ajili ya chombo kimoja ni gharama kubwa. Ndiyo maana watu wengi huliangalia tela dogo, lile linalovutwa na pikapu kwa kubeba maji, kuni au mchanga, na kuuliza: je, haliwezi kubeba bajaji?

Linaweza, ila kwa masharti. Fundi wengi hudhani kwamba sharti la kwanza ni nguvu ya chuma, na kwa hiyo huongeza vyuma hapa na pale hadi tela linakuwa zito kuliko lilivyopaswa. Nguvu ya chuma ni muhimu, lakini si ya kwanza. Tela lenye chuma imara ambalo mzigo wake umekaa mahali pasipofaa linaweza kuyumba barabarani, likaangusha gari linalolivuta na kuua watu. Jambo la kwanza, basi, ni kujua uzito unakaa wapi.

Elimu ya mzega

Kanuni inayotawala tela haikuanzia karakana. Mchukuzi wa mzega anaifahamu vizuri. Anapobeba madebe mawili ya maji yaliyojaa sawa, bega lake hukaa katikati ya mti. Debe moja likiwa zito zaidi, husogeza mti ili debe lile liwe karibu na bega, na lile jepesi liwe mbali. Hakuna aliyemfundisha hesabu, lakini anafuata sheria ya wenzo: uzito ukizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo ndio unaoamua upande gani utashuka.

Katika tela lenye ekseli moja, ekseli ndiyo bega. Uzito ulio mbele ya ekseli hukandamiza mkono wa tela juu ya kiungo cha gari linalovuta. Uzito ulio nyuma ya ekseli huuinua mkono huo. Tofauti na mchukuzi wa mzega, hata hivyo, mwenye tela hataki pande mbili zilingane kabisa. Anataka upande wa mbele uzidi kidogo. Kwa matela madogo ya aina hii, kipimo kinachokubalika na wengi ni kwamba kiungo kibebe takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela pamoja na mzigo wake.

Uzito ukipungua sana hapo, au kiungo kikivutwa kwenda juu, tela huanza kucheza kama mkia. Upepo wa basi linalopita, shimo dogo au kona ya ghafula hulisukuma pembeni. Badala ya kurudi penye mstari, hupitiliza upande wa pili, kisha hurudi kwa nguvu zaidi. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo kuyumba huko kunavyozidi kukua, hata nyuma ya gari inayumbishwa nalo. Katika mteremko mrefu kama ule wa Kitonga mkoani Iringa, dereva aliyefikia hali hiyo huwa amebakiwa na nafasi ndogo sana ya kujiokoa. Kwa upande mwingine, uzito ukizidi mno kwenye kiungo, nyuma ya gari hubonyea, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani hupoteza utii.

Bajaji ina uzito wapi?

Bajaji ya abiria tupu huwa na uzito wa kati ya kilo 300 na 400. Urefu wake ni kama mita 2.6, upana kama mita 1.3, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni kama mita 2. Injini, sanduku la gia na kiti cha abiria vyote viko nyuma. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya uzito huangukia magurudumu mawili ya nyuma, na gurudumu la mbele hubeba sehemu ndogo tu.

Kila chombo hutofautiana na kingine, kwa hiyo fundi hana budi kupima. Mizani ya kupimia magunia inatosha. Gurudumu la mbele huwekwa juu ya mizani, na yale ya nyuma huwekwa juu ya mbao zenye kimo sawa na mizani ili chombo kisiiname. Kisha kila gurudumu la nyuma hupimwa kwa namna hiyo hiyo. Ichukuliwe kwa mfano kwamba gurudumu la mbele limeonyesha kilo 120 na yale ya nyuma jumla ya kilo 240. Uzito wote ni kilo 360. Ili kupata kitovu cha uzito, kilo 120 hugawanywa kwa 360 na kuzidishwa kwa sentimita 200, ambao ni umbali kati ya ekseli. Jibu ni sentimita 67 mbele ya ekseli ya nyuma. Hapo ndipo uzito wote wa bajaji unapoweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika.

Kosa la kuingiza kichwa kwanza

Sasa lichukuliwe tela la kawaida: sakafu ya sentimita 240 kwa 120, ekseli katikati kabisa ya sakafu, na kiungo kikiwa sentimita 240 mbele ya ekseli. Tela lenyewe lina uzito wa kilo 200, na likiwa tupu mkono wake unakandamiza kiungo kwa kilo 20.

Mtu asiyepima ataiingiza bajaji kichwa mbele, kwa kuwa ndivyo inavyotembea. Gurudumu la mbele litagusa ubao wa mbele, ekseli yake ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye ubao huo. Ekseli ya nyuma itakuwa sentimita 220 kutoka ubaoni, na kitovu cha uzito sentimita 153. Lakini ekseli ya tela iko kwenye sentimita 120. Maana yake ni kwamba bajaji nzima, kwa hesabu, imekaa sentimita 33 nyuma ya bega la mzega. Kilo 360 zikizidishwa kwa 33 na kugawanywa kwa 240, hupatikana karibu kilo 50 zinazouinua mkono wa tela. Zile kilo 20 za awali zikitolewa, bado kiungo kinavutwa juu kwa kilo 30. Tela hilo linaonekana limepakiwa vizuri, mikanda imekazwa, na macho hayaoni kasoro yoyote. Walakini ni tela la kuyumba.

Mageuzi matatu

Dawa yake ina sehemu tatu, na zote zinaweza kufanywa na fundi mwenye mashine ya kuchomelea, keekee na futi ya kupimia.

Kwanza, bajaji iingizwe kinyumenyume, injini ikielekea kwenye gari linalovuta. Kwa kuwa mwili wa bajaji huzidi ekseli yake ya nyuma kwa kama sentimita 40, ekseli hiyo itakaa sentimita 40 kutoka ubao wa mbele wa tela, na kitovu cha uzito sentimita 107. Sasa kiko mbele ya ekseli ya tela kwa sentimita 13. Mabadiliko haya ya mwelekeo hayagharimu senti moja, lakini ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote.

Pili, sakafu irefushwe. Bajaji ikiwa imekaa hivyo, gurudumu lake la mbele linakanyaga ukingo kabisa wa nyuma ya tela. Nyongeza ya sentimita 30 inahitajika. Vyuma vya nyongeza visiunganishwe kichwa kwa kichwa na vya zamani, bali viingie chini ya kiunzi angalau sentimita 60 na kufungwa hapo kwa boliti au kuchomelewa kwa urefu. Taruma moja lipite chini ya njia ya gurudumu la mbele kutoka nyuma hadi mbele, kwa kuwa matela mengi yana nguvu pembeni na udhaifu katikati, na hapo katikati ndipo gurudumu la tatu linapopita. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya kubeba motokaa ndogo na kubeba bajaji: motokaa ina njia mbili, bajaji ina tatu.

Tatu, ekseli irudishwe nyuma kwa sentimita 15. Nyongeza ya sakafu, ikikadiriwa kuwa kilo 20, hukaa mbali nyuma na hupunguza uzito wa kiungo. Kurudisha ekseli hurekebisha kasoro hiyo. Masikio yanayoshikilia springi hukatwa na kuchomelewa upya mahali papya penye kiunzi kilichoimarishwa. Fundi apime kutoka kwenye kiungo hadi kila mwisho wa ekseli; vipimo viwili vikitofautiana, tela litatembea upande. Asichomelee springi wala ekseli yenyewe hata kidogo, kwani moto huondoa ugumu uliotiwa katika chuma cha springi, nayo huvunjika siku ambayo haikutarajiwa.

Baada ya mageuzi hayo, hesabu husomeka hivi: bajaji inakandamiza kiungo kwa kilo 40, tela kwa kilo 27, na nyongeza inainua kwa kilo 9. Kinachobaki ni kilo 58. Uzito wote ni kilo 580. Ndiyo ile sehemu moja ya kumi iliyotafutwa.

Upana nao uangaliwe. Sakafu ya sentimita 120 ni nyembamba kuliko mwili wa bajaji, kwa hiyo mbao za pembeni huondolewa ili mwili upite juu yake. Lililo muhimu ni kwamba matairi ya nyuma yakanyage sakafu kwa upana wake wote. Yakibaki nje hata kidogo, chuma cha pembe huongezwa kila upande, mradi kisiguse matairi ya tela springi zinapobonyea. Matairi yenyewe yana namba ya uzito yanaoweza kubeba. Namba 79, kwa mfano, maana yake ni kilo 437 kwa tairi moja, nayo inatosha kwa mzigo uliohesabiwa hapa.

Kupandisha na kushusha

Ajali nyingine hutokea tela likiwa limesimama. Bajaji inapopanda kinyumenyume, sehemu yake nzito hufika kwanza kwenye ukingo wa nyuma wa tela. Kilo 240 zikiwa hapo, sentimita 135 nyuma ya ekseli, mkono wa tela huinuliwa kwa zaidi ya kilo 100. Tela ambalo halikufungwa kwenye gari litainuka mbele na kushuka nyuma kwa ghafula, na aliye nyuma ya bajaji anaweza kubanwa. Kwa hiyo tela lifungwe kwanza kwenye gari, breki ya mkono ya gari ivutwe, na miguu miwili ya chuma, au magogo imara, iwekwe chini ya ukingo wa nyuma kabla ya kuanza. Miguu inayokunjwa ikichomelewa kabisa kwenye tela, hakuna atakayeisahau nyumbani.

Mbao za kupandishia nazo zina hesabu yake. Sakafu ikiwa na kimo cha nusu mita na mbao zikiwa na urefu wa mita 2, nguvu inayohitajika kuisukuma bajaji ni robo ya uzito wake, yaani kilo 90, mbali na msuguano. Mbao zikiwa za mita 1, nguvu hiyo hupanda hadi kilo 180, na tumbo la bajaji huweza kukwama kwenye ukingo. Mbao ziwe tatu, moja kwa kila gurudumu, au lango moja pana la chuma cha wavu, na zote zifungwe kwa ndoano zisiteleze. Bajaji iliyoharibika ivutwe kwa winchi ya mkono iliyofungwa mbele ya tela, na kila inaposogea kabari iwekwe upande wa chini wa gurudumu. Asisimame mtu upande wa mteremko.

Kufunga mzigo

Breki ya ghafula hutaka kuendeleza mzigo mbele. Kanuni za ufungaji mizigo zinazotumika Ulaya hutaka mzigo uzuiwe kwa kani ya asilimia 80 ya uzito wake kuelekea mbele, na asilimia 50 kuelekea pembeni na nyuma. Kwa bajaji ya mfano huu, hizo ni kilo 288 mbele na kilo 180 pembeni. Breki ya mkono ya bajaji pekee haiwezi kazi hiyo.

Kwa hiyo vizuizi vya chuma vifungwe sakafuni mbele ya magurudumu mawili yaliyoelekea gari, ili mwili wa bajaji usipigwe na ubao wa mbele. Gurudumu la tatu likae katika kitanda chake cha chuma kilichopinda, lisiweze kugeuka. Kisha mikanda minne ya kukazia ivutwe kutoka pembe nne za tela hadi kwenye chasisi ya bajaji, ikazwe mpaka springi zibonyee kiasi. Mkanda usifungwe kwenye usukani wala kwenye bati la mwili. Kamba ya nailoni hunyumbuka, na ya katani hubadilika urefu ikilowa na kukauka. Zote mbili hazifai kutegemewa peke yake kwa safari ndefu. Gia iachwe imeingia, na koki ya mafuta, kama ipo, ifungwe. Kwa kuwa bajaji inasafiri kinyumenyume, turubai lake la nyuma linapokea upepo ambao halikutengenezwa kuupokea. Livuliwe au lifungwe barabara.

Baada ya kilomita chache za mwanzo dereva asimame, akaguze mikanda na kupapasa vikombe vya magurudumu ya tela. Kikombe kilichopata moto mkali kuliko mwenzake kinaonyesha beringi iliyokazwa mno au iliyokwisha.

Barabarani

Minyororo miwili ipishane chini ya kiungo, ili kiungo kikifunguka mkono wa tela udakwe kabla ya kuchimba lami. Taa za breki na za kuashiria kona ziwake pamoja na za gari, na viakisi mwanga viwekwe nyuma na pembeni, kwa kuwa bajaji juu ya tela huficha taa za gari lenyewe. Tela lililobadilishwa lipelekwe kwa mkaguzi wa magari kabla ya kuingia barabara kuu. Nchi za Ulaya huruhusu matela yasiyo na breki zake yasiyozidi kilo 750 pamoja na mzigo. Tela la mfano huu liko chini ya kiwango hicho, lakini dereva akumbuke kwamba gari lake sasa linasimamisha kilo 580 za ziada kwa breki zile zile, na aache nafasi ya kutosha mbele yake.

Tela likianza kuyumba, dereva asikanyage breki kwa nguvu wala asiongeze mwendo. Aachie mafuta, ashike usukani sawasawa bila kujaribu kufuata mchezo wa tela, na aache mwendo upungue wenyewe. Akishasimama, asiendelee na safari kabla ya kupima upya uzito ulio juu ya kiungo.

Mizani kabla ya moto

Hesabu iliyotolewa hapa ni ya mfano mmoja. Guta la injini, lenye sanduku la mizigo nyuma, lina uzito wake mahali pengine, na ni lazima lipakuliwe mizigo yake kabla ya kupandishwa. Kuna pia pikipiki zenye magurudumu mawili mbele na moja nyuma, kama zile za Can-Am zilizoanza kuuzwa Marekani ya Kaskazini mwaka 2007. Hizo huwa na uzito mwingi mbele, na huenda zikafaa kuingizwa kichwa kwanza. Kinachobaki vile vile kwa zote ni utaratibu wa kazi: kupima kila gurudumu, kutafuta kitovu cha uzito, kuamua mwelekeo wa kupakia, na ndipo kuchagua mahali pa ekseli.

Uthibitisho wa mwisho ni rahisi. Tela likiwa limepakiwa na kufungwa kikamilifu juu ya ardhi tambarare, ekseli ikiwa imezuiwa kwa kabari, mkono wake huwekwa juu ya mizani kwa kimo kile kile cha kiungo cha gari. Mizani ikionyesha sehemu moja ya kumi ya uzito wote, au karibu na hapo, kazi imekamilika. Ikionyesha pungufu kubwa, tela lisitoke karakana. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na kila bajaji ya aina nyingine ikipandishwa hakina budi kurudiwa.